Pocket 4K kwa mwanafunzi wa shahada ya filamu: mwalimu mkali, na gharama yake kamili

Mwaka wa kwanza wa shahada ya filamu ukikaribia kwisha, swali hujitokeza: niendelee kupanga foleni stoo ya vifaa vya idara, au nijinunulie kamera? Jina linalotajwa mara nyingi ni Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K. Ilitangazwa Aprili 2018 kwa dola 1,295 za Marekani, na kwa kuwa imekaa sokoni miaka mingi, iliyotumika hupatikana kwa bei ya chini zaidi. Tathmini hii inaipima kwa kazi moja tu: kumvusha mwanafunzi kutoka mazoezi ya mwaka wa pili hadi filamu yake ya mwisho. Kwa kazi hiyo naipendekeza bila wasiwasi, mradi usiinunue kwa fedha zako zote. Bodi ni kama nusu ya gharama. Nusu nyingine ni betri, vichujio, hifadhi na sauti, na mwanafunzi anayeisahau hubaki na kamera nzuri iliyolala kabatini.

Tuanze na inachokunyima. Haina fokasi ya kufuatilia mtu: ukiwa na lenzi ya kielektroniki unabonyeza kitufe, inatafuta fokasi mara moja, basi. Mwigizaji akisogea hatua mbili ni juu yako. Haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi. Haina ndani yake kichujio cha ND, yaani kioo cheusi kinachopunguza mwanga. Skrini yake ya inchi 5 ni nzuri sana kivulini, lakini imekazwa, haikunjuki, na jua la saa sita linaifuta. Haikukingwa dhidi ya mvua wala vumbi.

Mapungufu hayo ndiyo yanayoifanya ifundishe. Kamera inayotafuta fokasi yenyewe humwacha mwanafunzi amalize mwaka mzima bila kujua kwa nini shoti yake ya karibu ina macho laini na masikio makali. Kwa Pocket 4K lazima ujifunze kazi ya mvuta fokasi kama inavyofanywa kwenye seti. Mwigizaji anafanya mazoezi ya mwendo wake. Unabandika utepe sakafuni kila anaposimama. Unapima kwa futi ya fundi kutoka usawa wa kihisi (kipande cha kamera kinachopokea picha) hadi machoni pake. Unaweka alama kwenye pete ya lenzi kwa kila kituo, kwa kalamu juu ya utepe mweupe. Kisha anayevuta anamwangalia mwigizaji, siyo skrini, kwa sababu ukisubiri kuona ukungu kwenye skrini umeshachelewa. Teki mbili za kwanza zitaharibika. Ya tatu itakaa.

Hapo ndipo lenzi inapohesabika. Lenzi nyingi za kisasa za kielektroniki zina pete isiyo na mwisho: inazunguka daima, na ukiizungusha haraka inaruka mbali kuliko ukiizungusha polepole. Alama zako hazitakuwa na maana. Kwa mazoezi ya fokasi chukua lenzi ya mkono yenye pete inayogota pande zote mbili, kwa mfano Meike 25mm T2.2, au lenzi kuukuu za Nikon na za skrubu ya M42 kwa adapta ya kawaida. Kihisi cha kamera hii ni cha familia ya Micro Four Thirds, upana wa milimita 18.96, kwa hiyo 25mm huonyesha eneo karibu sawa na 50mm kwenye kamera ya fremu nzima. Kwa chumba kidogo cha kupanga utahitaji 12mm. Mwenye lenzi za Canon EF anaweza kutumia adapta ya 0.71x inayopanua eneo na kuongeza kama stopu moja ya mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili). Epuka adapta isiyojulikana: ikilegea hata kidogo kwenye mdomo wa kamera, fokasi ya mbali haishiki kabisa, na utailaumu lenzi bure.

Mwanga ndipo wanafunzi wengi wa ukanda wetu wanapoanguka, na sababu ni ya hesabu. Kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya digrii 180, yaani iliyo wazi nusu ya muda wa kila fremu, unarekodi kwa 1/50 ya sekunde. Jua kali la mchana, kwa ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) ya 400, linadai tundu la lenzi la f/45. Ukitaka f/2.8 ili ukuta wa nyuma ulainike, umezidiwa stopu 8. Mwanafunzi asiye na ND hukimbilia kubana shata, kisha watu wanatembea kwa kukatikakatika kama mashine. Au anashusha ISO hadi 100, na hapo anapoteza stopu mbili za akiba ya upande wa mwanga: mawingu, kanzu nyeupe na bati jipya vinaungua. Dawa ni kichujio. Stopu 6 ni ND 1.8, stopu 8 ni ND 2.4. Kichujio kimoja cha kuzungusha kinafaa kwa kuanzia, lakini cha bei rahisi kikisukumwa mwisho huchora msalaba mweusi angani, na ND nzito isiyozuia mwanga wa infraredi hugeuza kitambaa cheusi cha nailoni kuwa cha kahawia. Ukiona suti nyeusi imekuwa rangi ya chai, usihangaike na rangi kwenye kompyuta. Badilisha kichujio.

Kamera ina vituo viwili vya asili vya ISO, 400 na 3200. Kuanzia 100 hadi 1000 inatumia cha kwanza. Kuanzia 1250 kwenda juu inatumia cha pili. Kinachowashangaza wengi ni kwamba 1250 ina chenga (vinukta vya kelele kwenye picha) chache kuliko 1000. Kwa mandhari ya usiku, ya mwanga wa duka la Mangi au taa moja ya barabarani, ruka moja kwa moja hadi 1250 au 3200. Usibaki 1000 kwa kudhani namba ndogo ni salama. Mchana tumia 400, na ukiwa na anga kali nyuma ya mtu panda 640 au 800 huku ukiongeza ND, kwa sababu ndani ya kundi la kwanza ISO ya juu huacha nafasi zaidi kwa maeneo yenye mwanga mkali. Ndani ya BRAW, faili ghafi la Blackmagic, unaweza kuibadili ISO baadaye katika kundi lilelile, lakini kilichoungua hakirudi.

Rangi za vipimo (false color) zilizomo ndani yake, zinazopaka picha rangi kulingana na mwanga, ni hazina kwa anayejifunza kupima uso. Ukiziwasha, kijani ni kijivu cha kati, na pinki ni stopu moja juu yake. Mwongozo wa kamera unasema kijani hulingana na ngozi zenye weusi na pinki na ngozi nyeupe. Fuata hilo kama mwanzo, siyo amri. Ngozi nyeusi sana inaweza kukaa kidogo chini ya kijani na ikawa sahihi na nzuri, mradi upande wenye taa una mng'ao na upande wa kivuli haujazama kwenye zambarau. Kosa la kawaida ni kufungua tundu hadi uso wote uwe pinki kwa hofu ya giza; matokeo yake ngozi inapauka na dirisha la nyuma linakuwa shimo jeupe. Mrudishie mwigizaji taa au ubao mweupe wa kuakisi mwanga, uache tundu mahali pake.

Kuhusu taa kupepesa: umeme wetu ni wa hezi 50. Weka hezi 50 kwenye menyu na kamera itakupendekezea shata salama. Kwa fremu 25, digrii 180 ni sawa. Ukisisitiza fremu 24, weka digrii 172.8 ili shata ibaki 1/50, vinginevyo mirija na balbu za LED za bei ya chini zitacheza kwenye picha. Jenereta ndogo ya mtaani ni jambo jingine: mzunguko wake hupanda na kushuka kadiri injini inavyolemewa, kwa hiyo mpangilio wa asubuhi unaweza kuharibika jioni bila mtu kugusa kitu. Rekodi dakika moja ya majaribio taa zote zikiwa zimewashwa, kisha itazame ikiwa imekuzwa.

Sasa hifadhi, ambayo ndiyo huua miradi ya mwisho kuliko ukosefu wa kipaji. Kwa 4K DCI (4K pana ya sinema) na fremu 25, BRAW ya 12:1, yaani iliyobanwa mara kumi na mbili, hula takriban GB 100 kwa saa, 8:1 kama GB 153, 5:1 kama GB 243, na 3:1 hupita GB 400. Filamu ya dakika 15 iliyorekodiwa kwa uwiano wa kumi kwa moja ina saa mbili na nusu za picha: GB 250 kwa 12:1, GB 380 kwa 8:1. Zidisha kwa nakala tatu. Kwa kazi ya chuo 8:1 inatosha, na 12:1 haina aibu yoyote kwa mazoezi na mahojiano. Mipangilio ya ubora wa kudumu, Q0 na Q5, ukubwa wake hubadilika na picha yenyewe. Majani ya mnazi yanayopepea yanaweza kuipandisha hadi kadi ishindwe. Pia usirekodi BRAW kwa 1080: kamera haipunguzi picha, inakata katikati ya kihisi, na lenzi yako pana inakuwa nyembamba ghafla. Ukitaka 1080, rekodi ProRes, aina nyingine ya faili isiyo ghafi, ukijua kwamba ISO na rangi humo zimeshachomwa ndani.

Inarekodi kwenye CFast 2.0, kadi ya SD ya UHS-II, au diski ya SSD kwa waya wa USB-C. Wengi huchagua SSD, kama Samsung T5, kwa sababu gigabaiti zake ni rahisi zaidi. Hatari iko kwenye waya. Ukichomoka katikati ya teki, faili linaweza kuharibika, hasa kwenye diski iliyofomatiwa kwa exFAT. Nunua keji, fremu ya chuma inayozunguka kamera, yenye kibano cha waya kabla ya kununua lenzi ya pili. Kwenye menyu chagua kamera isimame kurekodi inapodondosha fremu; ni afadhali kujua hapo hapo kuliko wiki mbili baadaye. Nakili kwa chombo cha Clone kilicho kwenye ukurasa wa Media wa DaVinci Resolve, programu ya uhariri ya Blackmagic, kwa kuwa hukagua kila faili, tofauti na kukokota kwa kipanya. Nakala mbili zibaki na watu wawili tofauti wa kikundi, ya tatu ikae nje ya nyumba zao. Usifute kadi mpaka zote tatu zimefunguliwa na kuchezwa.

Umeme wa kamera ni kero ya kweli. Inatumia betri ya Canon LP-E6, ambayo kwa makadirio ya kiwanda hurekodi kama saa moja; ukiongeza SSD na mwanga wa skrini, hesabu dakika 35 hadi 45. Betri za bandia husoma asilimia 40 kisha kamera inazima ghafla, na teki iliyokuwa ikiendelea iko hatarini. Siku ya kazi ya saa nane inataka betri kumi, au betri moja kubwa ya V-mount ya saa-wati 98 inayopita kwenye tundu la kufungwa la umeme, ambalo hupokea volti 12 hadi 20. Hii ya pili ndiyo nzuri. Chini ya saa-wati 100 inakubalika kubebwa mkononi kwenye ndege, na kukatika kwa umeme lokesheni hakukusumbui hadi mchana. Hakikisha waya wake una kichwa kinachojifunga. Vichwa vya kawaida hupwaya.

Sauti usiitegemee kamera. Ina tundu moja la XLR ndogo lenye volti 48, na linatosha kwa maikrofoni moja ya mti (boom). Linapokuja suala la waigizaji wawili, tafuta kinasa sauti cha pembeni. Zoom F3 ina matundu mawili na hurekodi kwa biti 32 zenye nukta, hivyo mtu akipayuka ghafla sauti haipasuki kwa kosa la kiwango. Maikrofoni inayokaa juu ya kamera haiokoi mazungumzo yaliyo mita tatu mbali. Itakuletea feni ya kamera, jenereta ya jirani na honi ya bodaboda kwanza, mwigizaji baadaye. Acha maikrofoni ya ndani iendelee kurekodi ili programu ilinganishe mawimbi, na piga kibao au makofi mara moja mbele ya lenzi kila teki. Rekodi pia ukimya wa chumba kwa sekunde 60, watu wote wakiwa bado wamo ndani. Mhariri atakushukuru. Anayetazama husamehe picha yenye chenga, lakini hasamehe mazungumzo yasiyosikika, na hiyo ndiyo hasara ya kwanza inayoonekana kwenye filamu nyingi za wanafunzi.

Ikinunuliwa mpya inakuja na leseni ya DaVinci Resolve Studio inayowezesha kompyuta mbili. Toleo la bure linafungua BRAW vizuri na kutoa hadi 3840 kwa 2160. Studio huongeza 4K DCI na kuondoa chenga, ambako ni msaada mkubwa kwa mandhari za usiku. Jambo moja la kufanya kabla ya lolote: weka kasi ya mradi iwe fremu 25 kabla ya kuingiza faili la kwanza. Chaguo la kiwandani ni 24, na ukishaingiza picha kasi ya mradi hujifunga. Laptopu ya RAM GB 16 yenye kadi ya picha ya kawaida itahariri ukiweka mstari wa kazi 1080 na kusoma BRAW kwa nusu au robo. Siku ya kutoa filamu iliyokamilika rudisha ubora kamili. Ikikwama bado, tengeneza proksi (nakala nyepesi za kuhariria) usiku ukiwa umelala.

Inamfaa nani, basi? Kwa filamu ya kubuni yenye kikundi cha watu watano, nuru iliyopangwa na tripodi, sijui kamera ya bei hiyo inayofundisha zaidi. Kwa makala ya mtu mmoja anayekimbizana na matukio sokoni inachosha: hakuna fokasi ya kufuatilia, hakuna kitulizo, betri zinakwisha. Lenzi yenye kitulizo chake, kama Panasonic 12-35mm f/2.8, hupunguza maumivu bila kuyaondoa. Na ni haki kusema wazi kwamba wanafunzi wengi hulipa ada kwa harusi, send-off na kitchen party. Kama hicho ndicho kipato chako, Sony FX30 ya mwaka 2022, yenye fokasi ya kufuatilia na kitulizo, itakulipa haraka zaidi ingawa bei yake ni ya juu. Masomo ya fokasi ya mkono utayapata kwa kamera ya idara. Umbo la Pocket kama kamera ya picha za kawaida huwafanya wapita njia wasikusanyike sana, lakini halikuondolei wajibu wa kibali: Tanzania ni Bodi ya Filamu, Kenya ni Kenya Film Classification Board. Nenda na barua ya chuo mapema, siyo asubuhi ya kurekodi.

Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ongeza boksi la plastiki linalofunga kabisa na pakiti za kukausha unyevu, kwa sababu ukungu huota ndani ya lenzi, na ukishaota kuusafisha hugharimu. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi nusu saa kabla ya kufungua, la sivyo mvuke unatanda kwenye kioo cha lenzi. Usizibe matundu ya hewa kwa keji au mfuko wa mvua. Feni isipovuta, kamera inapata moto.

Wanafunzi wanne wakichanga, andikeni mapema nani atabaki nayo mkihitimu na atawarudishia wengine kiasi gani, na nani analipa lenzi ikianguka. Na kama ni iliyotumika, nenda na betri yako, SSD na waya. Rekodi BRAW 8:1 kwa dakika 20 mfululizo bila kusimama huku ukitikisa kidogo waya wa USB-C na wa umeme. Tundu lililolegea litajionyesha. Ziba mdomo wa lenzi, rekodi sekunde chache kwa ISO 3200, utafute nukta nyeupe zisizosogea. Sikiliza feni, jaribu HDMI kwenye monita, chomeka maikrofoni kwenye XLR ndogo. Fungua na kufunga mlango wa betri mara kumi. Mwisho muulize muuzaji kadi yenye namba ya Resolve Studio. Kama ameitumia kwenye kompyuta zake na hataki kuiachia, punguza bei ya leseni hiyo kwenye fedha unazompa.